Si kila kujizima ni Windows

KONA YA KASKAZINI
Na Anaeli Nnko

Tulishaelimishwa kwamba si kila homa ni malaria, na siku hizi hata bibi wa Nkoaranga hamezi dawa kabla hajapimwa. Kwa kompyuta bado hatujafika huko. Mashine ya nyumbani ikianza kujizima na kujiwasha yenyewe kabla haijafunguka, tunaibeba hadi mjini kwa fundi, naye anatoa hukumu kabla hajaigusa: “Windows imekufa, tuipige upya.” Tunalipa. Jioni tunarudishiwa mashine nyeupe, haina picha za ubatizo wala hesabu za VICOBA, na baada ya muda si mrefu inajizima tena.

Kupiga Windows upya ni tiba halali, ila ni tiba ya ugonjwa mmoja kati ya mingi. Windows ikikutana na hitilafu kubwa wakati wa kuwaka, huandika ujumbe kwenye kioo cha bluu au cheusi, kisha kwa kawaida hujiwasha upya yenyewe. Mara nyingi ujumbe unapita kabla mtu hajausoma. Fundi makini huanza kwa kuusimamisha. Kwenye Windows 10 na 11, mashine ikishindwa kuwaka mara kadhaa mfululizo huleta ukurasa wa matengenezo. Humo, kwenye mipangilio ya kuwasha, namba 9 huizuia isijiwashe upya baada ya hitilafu, na namba 4 huiwasha katika hali salama, ikiwa na programu chache za lazima tu. Ujumbe ukitulia, upige picha kwa simu. Tayari una pa kuanzia.

Jambo la pili ni kuangalia inakatikia wapi. Ikizima hata kabla ya nembo ya Windows kutokea, mshukiwa ni umeme, joto, RAM au bodi yenyewe. Ikifika kwenye nembo, vidoti vikazunguka ndipo ikakata, angalia diski, sasisho la karibuni au programu iliyoingizwa juzi. Kuna kipimo kisichogharimu kitu: ingia BIOS, iache hapo nusu saa. Ikizimika humo, Windows haihusiki, maana ilikuwa haijaanza kazi. Ikitulia, umeme na joto vimepunguziwa mashaka, ingawa havijafutiwa kesi.

Sasa tuje kwetu Arusha. Kompyuta nyingi za mezani majumbani ni za mtumba, zilishafanya kazi miaka kadhaa ofisini Ulaya au kwingine kabla ya kufika huku. Umri wake hauonekani kwenye kasha. Dell OptiPlex GX270 na GX280, za miaka ya 2003 hadi 2005, zilisifika vibaya kwa kapasita zilizovimba na kuvuja kwenye bodi, na mwaka 2005 Dell ilitenga takriban dola milioni 300 kwa ajili ya tatizo hilo. Vichwa vya kapasita vikishavimba, pigeni Windows hata kila Jumatatu, mashine itaendelea kukata.

Halafu kuna vumbi. Udongo wa chini ya Meru umetokana na volkeno, ni laini kama unga, na kiangazi unaingia kila penye tundu. Jirani yangu wa Sakina alikuwa ameshapigiwa Windows zaidi ya mara moja. Safari hii aliangukia kwa kijana aliyeanza na swali: “Shikamoo mama. Nyumbani unaiweka wapi?” “Chini, karibu na mlango.” Kijana akafungua ubavu wa kasha. Chuma cha kupozea prosesa hakikuonekana, kilikuwa kimefunikwa blanketi la kijivu, na feni ilizunguka kwa kusitasita. Akapiga brashi, akafuta grisi iliyokauka na kupaka mpya, akachomoa kadi za RAM na kusugua meno yake kwa raba ya mwanafunzi. Ikawaka, ikakaa. “Windows yako haina shida, mama. Ila ipandishe mezani.”

Umeme nao usisahaulike. Viwango vyetu ni volti 230, lakini anayeishi mwisho wa laini anajua jinsi taa zinavyofifia jioni watu wakirudi nyumbani. Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya Kaskazini, akitaja upotevu wa umeme unaosafirishwa kutoka mbali. Pawa saplai iliyochoka haivumilii umeme mdogo. Basi jaribu mashine usiku wa manane au alfajiri: ikitulia saa hizo na kusumbua jioni, tafuta stabilaiza au UPS kabla ya kutafuta CD ya Windows. Ila pawa saplai yenyewe usiifungue, hubaki na umeme ndani hata baada ya kuchomolewa.

Anayedhani haya ni mambo ya kompyuta kuukuu tu, akumbuke Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024. Sasisho bovu la kampuni ya usalama ya CrowdStrike liliangusha kompyuta takriban milioni 8.5 duniani, zikawa zinajizima na kujiwasha bila kufunguka. Ndege zilikwama, hospitali zikarudi kwenye karatasi. Dawa ilikuwa kuingia hali salama na kufuta faili moja. Aliyesoma ujumbe alipona na data zake, na aliyekimbilia kufuta diski alijitia hasara ya bure.

Lawama zote nisiwatwishe mafundi. Sisi wateja tunalipa bila kinyongo kwa kupigiwa Windows, kwa sababu tunaona kitu kimefanyika. Fundi akisema, “Nimekaa nayo saa nzima, nimegundua ni feni,” tunamlipa ya soda. Kwa mpango huo, fundi anayejali familia yake atatuuzia kile tunachokubali kukinunua.

Kwa hiyo tuanze kulipia kipimo. Ukifika kwa fundi, patana bei mbili: moja ya kuchunguza, nyingine ya kutengeneza. Mwambie anakili mafaili yako kwenye diski ya nje kabla hajafuta chochote, na akuoneshe kwa macho kilichoharibika: ujumbe kwenye kioo, kapasita iliyovimba, feni iliyoganda. Akishindwa kukuonesha, beba mashine yako. Fundi anayejua ugonjwa haoni tabu kuutaja.