Mafundi wa Mumosho wafundishwe pia kufunga nguo ya arusi kwa kamba

Huko Mumosho, katika eneo la Kabare, kusini mwa mji wa Bukavu, wasichana na wanawake wengi wamejifunza kushona kwenye kituo cha shirika ABFEC. Ni kazi ya kupongezwa. Maoni yangu ni kwamba waongezewe ufundi mmoja: kufunga nguo ya arusi kwa kamba mgongoni.

Kwa nini kamba? Hapa kwetu wengi hukodi nguo ya arusi. Juma hili inavaliwa na bibi arusi mwembamba, juma lijalo na mnene, kisha na mwenye mimba. Zipu ina kipimo kimoja tu. Ikikataa kufunga asubuhi ya ndoa, ni machozi. Ikipasuka, mwenye nguo anapata hasara. Kamba inalegezwa au kukazwa, na nguo inabaki ile ile.

Ufundi huu ni wa zamani. Kule Ulaya, wanawake walifunga nguo zao kwa kamba moja iliyozunguka kutoka tundu hadi tundu. Katika karne ya 19, matundu ya pete za chuma yalipoenea, kamba ikapishanishwa kama ya kiatu, na kwenye kiuno vikaachwa vitanzi viwili vya kuvuta. Hivyo kiuno kinakazwa bila kubana kifua.

Vifaa si vya gharama. Tundu halikatwi kwa mkasi: linatobolewa kwa chuma chenye ncha, nyuzi za kitambaa zisogee bila kukatika, kisha linazungushiwa uzi kwa mkono. Kando ya matundu unaingizwa ukanda mgumu, hata ule wa plastiki unaofunga mabalo, ili mgongo usikunjamane. Chini ya kamba kinawekwa kitambaa cha kuficha ngozi. Umeme hauhitajiki.

Wengine watasema kamba inaumiza. Ni kweli, ikivutwa na asiyejua. Ndiyo sababu ya kufundisha: bibi arusi akae, apumue, acheze kidogo, ndipo fundi afunge fundo.

Kumpa msichana mashini ya kushona bila ufundi unaomtofautisha na jirani yake ni kumtuma sokoni kuuza kile kinachouzwa na kila mtu. Wafundishaji waanze na nguo moja iliyochakaa: watoe zipu, watoboe matundu. Pesa ya arusi za Bukavu inaweza kufika Mumosho pia.