Bia ya embe si lazima inukie embe

Wanaoonja bia za matunda na kuziandikia uhakiki huwa na swali moja linalotangulia mengine yote: je, tunda lililochorwa kwenye kopo linasikika? Embe likijitokeza puani na kubaki ulimini, bia husifiwa. Lisipojitokeza, mtengenezaji huhesabiwa kuwa amemdanganya mnunuzi. Ni swali lenye sura ya haki, maana mtu amelipia embe. Hata hivyo naona ndilo linaloharibu uhakiki wenyewe, kwa sababu linapima kitu kinachopatikana kwa urahisi mno bila tunda lolote, na ambacho mara nyingi hupungua pale tunda la kweli linapotumika. Anayeonja bia ya tunda anapaswa kuuliza tunda limeifanyia nini bia. Harufu ni sehemu moja tu ya jibu.

Tuanze na ndizi. Bia ya ngano ya Bavaria, kusini mwa Ujerumani, hunukia ndizi mbivu kiasi kwamba mgeni anaweza kuapa kuwa zimetiwa. Hazijatiwa. Ndani yake mna ngano, shayiri, hopsi, maji na hamira, na ni hamira inayozalisha isoamili asetati, kemikali ileile inayoipa ndizi mbivu harufu yake. Hopsi nazo zina mambo yake: aina kama Citra na Mosaic, zilizozalishwa Marekani, huweza kutoa harufu ya embe na pasheni katika bia ambayo haikukutana na tunda lolote. Sasa iweke bia hiyo ya Bavaria kando ya mbege ya Wachaga. Mbege hupikwa kwa ndizi mbivu zinazochemshwa kwa muda mrefu na kuachwa zichache, kisha maji yake huchujwa na kuchanganywa na uji wa kimea cha ulezi, pamoja na gamba la mti wa msesewe. Anayeinywa husikia uchachu, uzito wa ulezi na uchungu wa gamba. Ndizi mbivu iko nyuma kabisa. Kwa kipimo cha kopo, bia ya Wajerumani ndiyo bia ya ndizi, na mbege imefeli mtihani. Kipimo kinachotoa jibu kama hilo kina kasoro.

Sababu iko kwenye sukari. Utamu tunaoujua wa embe au nanasi umebebwa na sukari, na sukari ndiyo chakula cha hamira. Tunda likitiwa kwenye bia inayochacha, hamira hula karibu sukari yake yote na kuigeuza kileo na gesi. Kinachosalia ni asidi, ukakasi wa maganda na kokwa, rangi, na ile sehemu ya harufu ambayo haikupeperushwa na gesi. Embe lisilo na sukari ni kitu kigeni mdomoni. Tumezoea harufu yake ije pamoja na utamu, kwa hiyo bia ya embe iliyochacha hadi mwisho huonekana haina embe hata kama mpishi alimwaga ndoo nzima. Miongozo ya BJCP, shirika la Marekani linalofunza na kuthibitisha waamuzi wa mashindano ya bia, inalieleza jambo hili waziwazi: tunda aghalabu huongeza ladha, siyo utamu, kwa kuwa sukari yake huchachuka, na bia huishia kuwa kavu kuliko mtu alivyotarajia. Miongozo hiyo inataka pia tunda lionekane bila kuimeza bia hadi ikafanana na kinywaji cha bandia. Katika alama zao 50, harufu ina 12, mwonekano 3, ladha 20, hisia ya mdomoni 5, na 10 ni za jumla. Mhakiki anayeishia kwenye harufu ya embe amesahihisha chini ya robo ya karatasi.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko Ubelgiji, katika jiji la Brussels na vijiji vilivyo magharibi yake, ambako hutengenezwa lambiki. Hii ni bia ya kimea cha shayiri na ngano mbichi, ngano ikiwa theluthi moja au zaidi kidogo, na mpishi haitii hamira ya kununua. Maji yake yaliyochemshwa na nafaka humiminwa yakiwa moto kwenye sinia pana lililo wazi, yakapoa usiku kucha yakipokea vijidudu vya hewani, kisha huingizwa kwenye mapipa ya mbao na kukaa mwaka mmoja hadi mitatu. Miongoni mwa vijidudu vinavyofanya kazi humo ni Brettanomyces, hamira iliyopewa jina mwaka 1904 na N. Hjelte Claussen wa maabara ya Carlsberg, Denmark. Katika lambiki iliyokomaa hivyo ndimo hutiwa cheri kali, nzima na kokwa zake, zikaachwa kwa miezi. Kiwanda cha Cantillon, kilichoanzishwa mwaka 1900 mtaa wa Anderlecht, ni mojawapo ya vinavyoendelea na kazi hiyo, na kiasi cha tunda katika bia za namna hii huweza kufika gramu 200 kwa lita moja, hata kupita. Licha ya wingi huo, bia inayotoka, kriek, haina utamu wa cheri. Ina wekundu, ina asidi juu ya asidi ambayo lambiki ilikuwa nayo tayari, ina ukakasi unaokausha ulimi, na ina harufu ya lozi. Lozi hazikutiwa: harufu hiyo inatoka kwenye kokwa za cheri. Mtu aliyekuja kutafuta peremende ataandika kwamba cheri haimo, ilhali kila anachokisikia mdomoni kimepitia kwenye cheri.

Ziko kriek na bia za matunda za namna nyingine, zilizoongezewa maji ya tunda na kuachwa na utamu. Pecheresse ya kiwanda cha Lindemans, ya tunda la pichi, ina kileo cha asilimia 2.5 tu na ni tamu bila kuficha. Sioni haki ya kuidharau. Imefanya ilichokusudia, na kiwanda hichohicho hutengeneza Oude Kriek Cuvée René, iliyo kavu na chachu. Lakini ukizipanga zote kwenye mstari mmoja na kuuliza ipi inanukia tunda zaidi, tamu itashinda kila siku, na mtengenezaji aliyesubiri miaka mitatu ataelewa kwamba ni bora anunue chupa ya manukato. Wabelgiji waliliona hilo mapema. Mwaka 1997 Umoja wa Ulaya uliingiza jina Oude Kriek katika orodha ya bidhaa zinazolindwa kwa utaratibu wa jadi, na kinachoangaliwa hapo ni jinsi bia ilivyotengenezwa.

Jambo la pili dhidi ya swali la kopo ni kwamba mwonjaji hajui vizuri alichokisikia akishaona picha. Mwaka 2001 Gil Morrot, Frédéric Brochet na Denis Dubourdieu walichapisha jaribio walilolifanya kwa wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo mjini Bordeaux. Mvinyo mweupe ulitiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, na wanafunzi wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Hao walikuwa wanasomea kazi hiyo. Bia yenye rangi ya embe, ndani ya kopo lenye picha ya embe, ina nafasi kubwa zaidi ya kumpoteza mtu. Kwa hiyo mhakiki amwombe mwenziwe ammiminie kwenye kikombe kisichoonyesha rangi, aandike alichokisikia, kisha ndipo asome kopo. Aiache bia itoke kwenye baridi kali ya jokofu, kwani baridi huzima harufu, nzuri na mbaya pia. Aonje kwanza bia iliyo chini ya tunda: je, kimea kipo, uchungu upo, kuna harufu ya siagi au ya siki ambayo haikukusudiwa? Harufu kali ya tunda inaweza kufunika bia iliyoharibika, na hapo tunda limegeuzwa pazia. Atazame pia tarehe ya kufungwa. Harufu ya rasiberi hufifia upesi, na uhakiki wa bia ya miezi kumi usiotaja umri wake unamlaumu mpishi kwa kosa la rafu ya duka.

Watakuja watetezi wa bia halisi na amri ya Bavaria ya mwaka 1516, iliyotaka bia iwe ya shayiri, hopsi na maji. Amri hiyo ilikuwa ya nchi moja, na haikuwahi kuwa sheria ya Wabelgiji wala ya Wachaga. Hata Ujerumani kwenyewe, jijini Berlin, bia chachu ya ngano hunywewa kwa sharubati ya rasiberi, ikitiwa kwenye bilauri mbele ya mteja. Wengine watasema ladha ni ya mtu binafsi, hivyo hakuna cha kujadili. Kupenda ni kwa mtu binafsi, kweli. Lakini kwamba sukari imechacha au haijachacha, kwamba uchachu ni wa pasheni au wa siki, hayo yana ukweli wake hata kwa asiyeipenda bia hiyo. Hoja ngumu zaidi ni ya mnunuzi: anataka utamu, na anayemwambia vinginevyo anajifanya mjuaji. Anayo haki ya utamu wake. Anayo pia haki ya kuambiwa umetoka wapi, kwa sababu utamu huficha ukali wa kileo, na kwa sababu tunda lililosagwa na kufungwa kwenye kopo bila kuchacha ni hatari ndogo ya kweli. Hamira iliyobaki, ikipata joto, huendelea kula sukari, gesi hujaa, na kopo huvimba. Marekani, ambako bia nzito za namna hiyo zilipata umaarufu, makopo yamewahi kupasuka. Na kwa asiyetumia kileo kabisa, anayeshangaa gazeti linatafuta nini huku: uhakiki unaotaja nguvu na sukari ya kinywaji una manufaa kwa jamii kuliko tangazo linalotaja embe peke yake.

Hapa kwetu suala hili lina uzito wake. Viwanda vidogo vya bia vimeanza Nairobi, Kigali na kwingineko, na tayari bia ya tunda inabebwa kama mtindo kutoka ng'ambo, tena mtindo wa wanawake, jambo la kuchekesha katika eneo ambalo wazee wa kiume wamezeeka wakinywa ndizi. Kagera wana rubisi, Rwanda urwagwa, Uganda tonto: ndizi zilizoivishwa hukamuliwa kwa majani, na maji yake huchachishwa kwa unga wa mtama uliokaangwa. Wakikuyu wa Kenya hutumia tunda kavu la muratina kuchachusha asali au maji ya miwa, na tunda hilo halikusudiwi kusikika kabisa. Limewekwa humo kwa ajili ya kazi yake. Haya ni mapishi ambayo mhakiki wa swali la kopo hana namna ya kuyaandikia, kwa vile hakuna picha ya kulinganisha. Mhakiki anayeuliza tunda limefanya nini ana mengi ya kuandika: ndizi ziliivishwa kiasi gani, mtama ulikaangwa hadi rangi gani, msesewe umezidi au umepungua, uchachu umesimama wapi. Itambidi aandike pia siku. Mbege haisimami, inaendelea kuchacha kwenye chombo chake, tamu kidogo ikiwa changa, kali kesho yake, na baada ya hapo ni karibu na siki. Uhakiki wake usiotaja ni saa ngapi tangu ulezi utiwe hauwezi kumwelekeza msomaji kokote, hata anayeishi hatua chache kutoka kilabuni.