Damu ya Mkufunzi wa Shabaha Ipimwe

Kwa Kiswahili, kitokacho mtutuni huitwa risasi, na madini ambayo hutengenezewa nayo huitwa risasi. Askari hufundishwa tangu siku ya kwanza kujihadhari na ile inayoruka. Ile inayobaki katika moshi na vumbi la uwanja wa shabaha haitajwi sana, ingawa nayo hudhuru.

Bunduki inapolia, moto wa baruti hutoa chembe ndogo mno za madini hayo, na kiwashio kilicho kitakoni mwa risasi aghalabu kina madini hayo hayo. Chembe huingia mapafuni kwa pumzi, na tumboni kwa mkono ulioshika chakula au sigara. Kuruta hupiga shabaha siku chache, kisha huondoka. Mkufunzi wake husimama pale mwaka baada ya mwaka, na fundi wa ghala ya silaha husafisha mitutu kila siku. Hao, kwa maoni yetu, ni wafanyakazi wa kemikali sawa na wale wa kiwanda cha betri, na wanastahili ulinzi ule ule.

Sumu hiyo haina haraka. Katika damu hupungua kwa nusu baada ya kama mwezi mmoja, lakini sehemu yake hukaa mifupani miaka mingi. Hupandisha shinikizo la damu, hudhuru figo, neva na uzazi, na huku mtu akajiona mzima. Hufuata sare hadi nyumbani, ambako mtoto mdogo ndiye huumia zaidi. Kwa hiyo haifai kungoja maumivu; damu haina budi kupimwa mapema.

Huko Marekani, kanuni ya viwanda ya mwaka 1978 iliagiza damu ya wafanyakazi wa madini haya ipimwe, na aliyezidi kiwango aondolewe kazini kwa muda bila kupunguziwa mshahara. Mwaka 2012 Baraza la Taifa la Utafiti la nchi hiyo lilichunguza viwanja vya shabaha vya jeshi, likaona kwamba hata kiwango cha maikrogramu 40 kwa desilita moja ya damu hakiwalindi vya kutosha watu wa kazi hiyo.

Tunatoa mwito kwa wakuu wa majeshi na polisi: kila mkufunzi na fundi wa silaha apimwe kabla ya kupangiwa kazi hiyo, kisha kila baada ya miezi sita. Anayehamishwa kwa ajili ya afya yake asipoteze cheo wala posho, wala afande asimdhanie mtega kazi; vinginevyo askari wataficha ugonjwa.

Nanyi ndugu askari, oshani mikono kwa sabuni kabla ya kula, msivute sigara uwanjani, nyunyizeni maji kabla ya kufagia, na badilisheni sare kabla ya kurudi kwa watoto.

Kila jioni bunduki huhesabiwa zinaporudi ghalani. Anayezisafisha naye ahesabiwe.