AFYA YA JAMAA: Mfupa wa paja, na damu isiyoonekana

Ni nani kati yetu asiyepata kuona jambo hili? Pikipiki imeanguka njiani, kijana amelala mavumbini, na paja lake limepinda mahali pasipo na kiungo. Watu wanakusanyika, kila mmoja na shauri lake. Huyu anamshika mikono, yule miguu. Wanampandisha juu ya pikipiki nyingine katikati ya watu wawili, mguu ukining'inia, na mbio kwenda hospitali. Wanafanya hivyo kwa upendo. Lakini kijana aliyekuwa akisema wakati wa kuondoka, pengine hufika amenyamaza. Ndipo minong'ono ya uchawi inapoanza, maana watu huulizana: nani hufa kwa mguu, wala damu haikuonekana?

Basi, wasomaji wapendwa, tuutazame mfupa wenyewe, nasi tutajua damu ilikwenda wapi.

Mfupa wa paja ni mrefu na wenye nguvu kuliko mifupa yote ya mwili. Urefu wake hukaribia robo ya kimo cha mtu. Juu una kichwa cha mviringo kama mpira mdogo, kilichoingia katika kikombe cha nyonga. Chini ya kichwa ni shingo, nayo imekwenda mshazari. Hapo ndipo wazee wetu wanapovunjika mara nyingi wakiteleza nyumbani. Wekeni mkono ubavuni, chini ya kiuno: kile kigumu mnachokigusa ni nundu ya mfupa huu, ambapo misuli mikubwa imeshikamana. Kutoka hapo mfupa hushuka, umepinda kidogo kwenda mbele, nao umejengwa kama mwanzi: kuta zake ngumu, katikati uwazi uliojaa uboho. Mwisho wake una vifundo viwili vinavyokaa juu ya mfupa wa muundi na kufanya goti. Wanafunzi wanaochora mifupa shuleni wasisahau kule kupinda kwake. Wengi huuchora umenyoka kama rula.

Mfupa huu umezungukwa na misuli minene kupita yote, na mshipa mkubwa wa damu hupita karibu nao. Mshipa huo waweza kuusikia ukipiga penye kinena. Sasa mfupa ukivunjika, misuli haikai kimya. Huvuta kwa nguvu, vipande vya mfupa hupishana, mguu huwa mfupi, paja hufura, na ncha kali huchana nyama na mishipa midogo kila mguu unapotikiswa. Mtu mzima ana damu lita 5 hivi. Paja moja lililovunjika laweza kumeza lita 1 hadi lita 1 na nusu, na ngozi isipasuke hata kidogo. Hizo ni karibu chupa mbili kubwa za bia. Yakivunjika mapaja yote mawili, hesabuni wenyewe. Uchawi haumo.

Aliyetusaidia kulielewa jambo hili alitoka katika jamaa ya waunga mifupa, watu kama wale tulio nao vijijini. Hugh Owen Thomas alizaliwa mwaka 1834 katika kisiwa cha Anglesey, nchi ya Wales. Baba yake aliunga mifupa bila kuwa na shahada ya udaktari; mwana akasoma udaktari, akafanya kazi Liverpool. Alitengeneza gango la chuma: pete ya kuvaa juu ya paja, na fito mbili za kushuka kandokando ya mguu hadi kupita unyayo. Mguu huvutwa ukanyoka, kisha hufungwa kule mwisho. Paja likinyoka huwa jembamba tena, nafasi ya kumwagikia damu hupungua, na ncha za mfupa hutulia.

Thomas alifariki mwaka 1891, na madaktari wengi hawakulijali gango lake. Mpwa wake, Robert Jones, alilipeleka katika Vita Kuu ya 1914–1918. Vitabu vya udaktari husimulia kwamba askari waliovunjika paja kwa risasi walikuwa wakifa karibu 8 katika kila 10, na kwamba baada ya gango hilo kuenea walikufa 2 hivi tu. Lakini chuma peke yake hakikutosha. Wabeba machela walizoezwa kulifunga, tena na tena, hata wakiwa wamefungwa macho.

Mazoezi hayo ya mikono yalisahauliwa kwa urahisi. Tarehe 17 Februari 1976, daktari wa mifupa wa Marekani, James Styner, alianguka na ndege yake ndogo katika jimbo la Nebraska. Mke wake alikufa palepale, na watoto watatu kati ya wanne waliumia vibaya. Katika hospitali ndogo ya karibu aliona kwamba waganga wenye nia njema hawakujua waanze na lipi. Kwa uchungu huo yeye na wenzake walianzisha mafunzo ya kuokoa majeruhi, ya kwanza yakatolewa mwaka 1978. Leo madaktari wa nchi nyingi huyapitia. Utaratibu wake ni huu: kwanza njia ya pumzi, pili kupumua kwenyewe, tatu damu. Paja huangaliwa hapo kwenye damu. Kuunga mfupa kutangoja.

Nasi njiani tufuate mlango huohuo. Tumwite, tuone kama anapumua. Penye damu ya nje tukandamize kwa kitambaa safi bila kuachia. Asiketishwe, asinyweshwe kitu, kwa kuwa pengine atalazwa usingizi apasuliwe. Tuweke nguo iliyokunjwa katikati ya miguu, tuufunge mguu uliovunjika pamoja na ule mzima kwa vitenge, kwenye vifundo vya miguu na karibu na magoti, ila si juu ya palipovunjika. Tumfunike, asipate baridi. Abebwe amelala, juu ya machela au hata mlango uliong'olewa, na njiani tuviguse vidole vya mguu: vikiwa baridi au vimepauka, fundo tulilegeze kidogo. Tukifika, tumwambie muuguzi saa aliyoanguka.