Mwacheni mama na sahani yake ya maua

Ndugu zangu, kuna neno nalisikia sana hapa Bwera kwa watu wa misaada: "Mkimbizi gani huyu anabeba sahani za maua?" Mama amevuka Mpondwe, mtoto mgongoni, na ndani ya kitenge amefunga sahani mbili za waridi. Basi wanacheka. Wengine wanaenda mbali zaidi, ati kama ana vyombo vizuri hana shida sana. Mimi hapo nakataa.

Zile sahani za zamani za Kiingereza nyingi zilitoka Stoke-on-Trent. Fundi alichonga maua kwenye bamba la shaba (shaba, kama ile ya Kilembe yetu), akalipaka wino, akachapa kwenye karatasi nyembamba, karatasi ikabandikwa kwenye sahani. Josiah Spode aliinyoosha kazi hiyo kwa rangi ya bluu mwaka 1784. Kuchora kwa mkono kulikuwa ghali. Kwa kuchapa, hata mtu wa kawaida akapata ua mezani kwake.

Na sisi tulikuwa na mapenzi hayo tangu zamani. Kule Lamu, nyumba za mawe zina zidaka ukutani, ambamo watu walipanga vyombo vya kauri vionekane. Kwetu ng'ambo ya Lhubiriha ni kabati. Siku hizi nyingi ni za China, au za bati tu, lakini waridi ni lile lile, na sahani inatoka mgeni akija.

Vile vyombo vya msaada nagawa mwenyewe, sivitukani. Vinafaa kula. Lakini vyote vinafanana, huwezi kusema hii ni ya mgeni. Mama akikuletea chakula kwenye sahani ya maua, yeye ndiye mwenye nyumba, hata kama nyumba ni turubai. Mtu anayepanga foleni kupokea kila kitu, siku hiyo anakupokea wewe. Hiyo si anasa.

Kwa hiyo ninyi mnaoandikisha watu, msihesabu sahani kama mali. Na siku ya lori la kwenda Kyaka au Rwamwanja, msimwambie aache kile kifurushi juu ya nafasi. Mpeni magazeti ya zamani afungie, halafu akipakate mwenyewe.