Namba Nyuma ya Kichwa

Hapa Buguruni mjane mmoja aliuza kwa bei ya kutupa gitaa la umeme la marehemu mumewe, mpiga solo wa dansi. Mnunuzi alisoma “Ibanez” kichwani, akatamka: “La juzi hili, la Kichina.” Ama hajui, ama anajua sana! Ibanez ni jina la biashara tu. Mengi ya miaka ya 1970 yaliundwa na FujiGen, mjini Matsumoto, Japani. Nyuma ya kichwa namba ilianza na C76: C ni Machi, 76 ni mwaka 1976. Nani alimkataza kugeuza? Na mafundi mnaopaka rangi juu ya namba, nyinyi ni wafuta vyeti. Mama yule hajaongezewa hata senti.