Nta ya kunukia: pima, usikisie

Juma hili tumo jikoni, ingawa si kwa ajili ya chakula. Katika nyumba nyingi za kupanga mjini Kitengela, chumba kimoja ndicho sebule, ndicho jiko na ndicho mahali pa kulala. Samaki akikaangwa jioni, harufu yake hulala nanyi hadi asubuhi. Viatu vya watoto wa shule navyo vina maneno yao.

Ndiyo maana vipande vya nta ya kunukia huvutia akina mama na vijana wengi. Kipande huwekwa katika kibakuli cha udongo, mshumaa mdogo wa kibati huwashwa chini yake, nta ikayeyuka na chumba kikanukia. Wapo wanaovinunua madukani, na wapo wanaotaka kujitengenezea, ama kwa matumizi ya nyumbani ama kwa kuuza ili kupata karo na nauli. Leo tunazungumza na hawa wa pili.

Kosa linalofanywa ni kuyeyusha mishumaa ya kawaida na kuinyunyizia manukato ya mwilini. Matokeo yake ni vipande vigumu visivyonukia, au mabaya zaidi, moto jikoni. Jambo la kukumbuka ni hili: nta nzuri ya kunukia ni mchanganyiko, na mchanganyiko hupimwa.

Jina lenye kutatiza

Tuanze na neno lenyewe. Hapa Kenya ukitaja parafini, wengi hufikiria mafuta taa ya stovu. Nta ya parafini ni kitu kingine. Ni ile nta nyeupe, ngumu, ambayo hutumiwa kutengeneza mishumaa. Mafuta taa na nta hiyo hutokana na mafuta ghafi, ni ndugu wa baba mmoja, lakini mafuta taa ni mepesi na hushika moto upesi. Kamwe usitie mafuta taa katika nta ukidhani unailainisha.

Jina parafini lilitolewa mwaka wa 1830 na mwanakemia Mjerumani, Karl von Reichenbach. Alilitoa katika maneno ya Kilatini yenye maana ya kitu kisichopenda kushirikiana na vingine. Na kweli, hiyo ndiyo tabia ya nta hii. Ikiganda hujipanga kwa chembe kubwa ngumu na kuyasukuma nje mafuta ya manukato. Ndipo unapoona kipande kimetoka jasho juu, ilhali ndani hakina harufu.

Ngumu na laini

Nta ya mishumaa huuzwa kwa kutajwa joto la kuyeyuka kwake. Ukiona imeandikwa 58/60, maana yake ni kwamba huyeyuka kati ya nyuzi 58 na 60 za Selsiasi. Nta hii hufaa sana kwa mshumaa unaosimama wima. Kwa kipande cha kunukia ni ngumu mno, hukatika ovyo na huchelewa kuyeyuka.

Ili kuilainisha, ongeza mafuta mazito ya kupaka ya petroli, yale ambayo wengi huyaita vaselini. Chagua yasiyo na rangi wala harufu. Mafuta hayo yana nta yenye chembe ndogo sana pamoja na mafuta, na kwa hivyo hushika manukato vizuri zaidi kuliko nta ngumu pekee.

Kiungo cha tatu ni asidi ya steariki, unga au vigae vyeupe ambavyo watengenezaji wa sabuni na mishumaa wanavifahamu. Huipa nta weupe na uimara, na husaidia kipande kutoka katika kalibu bila kuvunjika. Viungo hivi hupatikana katika maduka ya kemikali mjini Nairobi. Muulize muuzaji joto la kuyeyuka la nta kabla ya kuuliza bei.

Vipimo vya kuanzia

Kwa matumizi ya nyumbani Kitengela, jaribu hivi: gramu 400 za nta ya 58/60, gramu 75 za mafuta mazito ya kupaka na gramu 25 za asidi ya steariki. Jumla ni gramu 500. Manukato yawe gramu 30, yaani gramu 6 kwa kila gramu 100 za mchanganyiko. Tumia mizani ya jikoni inayoonyesha gramu. Kijiko hakifai, kwani mafuta ya manukato hutofautiana kwa uzito.

Usidhani kwamba kuzidisha manukato kutazidisha harufu. Yakipita kiasi nta hushindwa kuyabeba, hutoka jasho, na fedha zako zinaishia kwenye karatasi ya kufungia.

Namna ya kuyeyusha

Usiweke nta moja kwa moja juu ya moto. Tia maji katika sufuria kubwa, kisha weka sufuria ndogo yenye nta ndani yake. Kitengela iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hapo maji huchemka karibu na nyuzi 95. Maadamu maji yamo sufuriani, nta haiwezi kupita joto hilo. Nta iliyoachwa juu ya moto mtupu huendelea kupata joto, na ikifika karibu nyuzi 200 mvuke wake unaweza kuwaka.

Yeyusha nta ngumu na asidi ya steariki kwanza, kisha utie mafuta mazito. Joto likiwa nyuzi 80, zima moto, mimina manukato na ukoroge polepole kwa dakika mbili. Utahitaji kipimajoto cha jikoni. Kile cha kupima homa huishia nyuzi 42 na hakifai kazi hii. Acha mchanganyiko upoe hadi nyuzi 65 au 70, ndipo umimine katika kalibu. Trei ya barafu hutosha, lakini usiirudishe tena kwa kazi ya chakula. Viache vipande vikae siku mbili tatu kabla ya kuvijaribu.

Watoto wasiwepo karibu, nawe usiondoke kwenda kununua mboga huku nta ikiwa motoni. Ikitokea nta imeshika moto, zima jiko na ufunike sufuria kwa kifuniko. Usimwage maji! Maji hugeuka mvuke ghafla na kurusha nta inayowaka ukutani, kwenye pazia na usoni pako. Katika ploti ambamo jirani yako yuko nyuma ya ukuta mmoja tu, moto wako ni moto wa wote. Mabaki nayo usiyamwage katika sinki, maana yataganda na kuziba mabomba.

Joto la Kajiado

Kipande kinachopendeza Kitengela katika baridi ya Julai huenda kisifike salama kwingineko. Ukitaka kuuza Kajiado mjini, au kumpelekea dada yako Magadi, ambako joto la mchana mara nyingi hupita nyuzi 35, kumbuka kwamba nta hulegea mapema kabla ya kuyeyuka. Ndani ya gari lililofungwa na kuachwa juani, joto huweza kupita nyuzi 50. Mzigo unaweza kufika ukiwa bonge moja.

Kwa safari hizo punguza ulaini: gramu 440 za nta ngumu, gramu 35 za mafuta mazito na gramu 25 za asidi ya steariki. Manukato yabaki gramu 30. Kisha fanya jaribio rahisi. Weka kipande kwenye sahani, ukiache dirishani penye jua saa sita hadi saa tisa mchana. Kikitoka jasho au kubonyea kwa kidole, ongeza nta ngumu kidogo katika mpishi ujao. Kikikatika kama chaki, ongeza mafuta mazito. Andika kila kipimo katika daftari, la sivyo hutaweza kurudia kilichokupendeza.

Harufu ipi?

Manukato ya mwilini yana spiriti, ambayo haichanganyiki na nta na ni hatari karibu na moto. Maji ya waridi nayo ni maji, yatazama chini. Nunua mafuta ya manukato yaliyotengenezewa mishumaa.

Wakazi wa Kajiado wana harufu yao wenyewe. Leleshwa, kile kichaka chenye majani ya kijivu kinachonukia kama kafuri, humea katika nyika zao, na Wamaasai wamekuwa wakitumia majani yake kujinukisha kwapani. Mafuta ya leleshwa hukamuliwa kwa mvuke papa hapa Kenya. Tumia mafuta hayo, usitie majani makavu katika kibakuli kilicho juu ya moto.

Nawe uliyelelewa Pwani, usishawishike kutupa kipande cha nta juu ya makaa ya chetezo. Udi na ubani huvumilia makaa, nta huwaka. Kibakuli na mshumaa wake viwekwe mahali tambarare, mbali na pazia linalotenganisha kitanda, na vizimwe kabla ya kulala. Fungua dirisha kidogo. Nyumbani penye mtoto mchanga au mwenye pumu, afadhali uache kabisa.

Ukitaka kuuza

Gramu 500 za mchanganyiko na gramu 30 za manukato ni gramu 530. Kwa vipande vya gramu 10 utapata 53. Ukifunga sita sita, una pakiti 8 na vipande vitano vya kujaribia. Sasa jumlisha gharama zote: nta, mafuta, manukato, gesi, karatasi na nauli ya Nairobi, kisha ugawe kwa 8. Wengi husahau nauli na gesi, wakauza kwa hasara huku wakifurahia wateja. Ukipanua biashara, uliza mapema kuhusu leseni ya kaunti na alama ya ubora ya KEBS, kwani duka kubwa litakuuliza.

Harufu ikiisha, nta bado ipo. Ichanganye na vumbi la mbao katika trei kuukuu ya mayai ya karatasi, iache igande, kisha ukate vipande vya kuwashia jiko la makaa. Hapo hakuna kilichopotea.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Anza na gramu 500 tu, uwape majirani vile vitano wakujaribie, na usikilize watakalosema. Hadi juma lijalo, kwaheri.